Muhuri wa Kweli Juu ya Hati ya Uongo

Kuna swali ambalo hakimu anaweza kulikwepa na mwanachuoni hawezi. Jambo lililozaliwa katika uongo, likakua, likazaa matunda, likakubaliwa na wakubwa na wadogo kwa muda wa mamia ya miaka, je, lingali uongo? Hakimu ana njia ya kutokea, kwa sababu sheria nyingi zina mpaka wa muda, na dai lililochakaa sana halisikilizwi tena. Mwanachuoni hana mpaka wa namna hiyo. Hati iliyoandikwa juzi na hati iliyoandikwa miaka 600 iliyopita huwekwa mbele yake juu ya meza moja, na zote mbili huulizwa neno lile lile: Ni nani aliyekuandika, na je, ndiye unayemtaja?

Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu kwa ajili ya mtu mmoja ambaye maisha yake hayakufika hata miaka 26. Huyu ni Rudolf wa Nne wa ukoo wa Habsburg, duki wa Austria. Cheo cha duki, katika dola ya Wajerumani ya siku zile, kilikuwa cha mtawala wa nchi aliyeipokea nchi yake kwa mkono wa mfalme au Kaisari, akaishika kama amana na kuwarithisha watoto wake. Rudolf alizaliwa Vienna tarehe 1 Novemba, 1339, baada ya wazazi wake kukaa katika ndoa miaka 15 pasipo mtoto. Alifariki Milan tarehe 27 Julai, 1365. Alitawala miaka 7 tu. Katika miaka hiyo 7 alijenga, alianzisha, alirithi na alighushi. Lau kazi njema zingalikuwa za mtu mmoja na kazi mbaya za mwingine, nisingekuwa na la kuandika. Lakini zote zilitoka katika mkono mmoja na katika nia moja, nayo nia hiyo ilikuwa kuuinua ukoo wake hata ulingane na koo za wafalme.

Hapana budi tuanze na jeraha, maana aghalabu uongo mkubwa huanza na jeraha. Mwaka 1356 Kaisari Karl wa Nne alitangaza sheria kubwa iliyoitwa kwa jina la muhuri wake wa dhahabu. Sheria hiyo iliwataja watu 7 ambao peke yao walikuwa na haki ya kumchagua mfalme wa Wajerumani: maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier, na pamoja nao mfalme wa Bohemia, bwana wa Pfalz kando ya mto Rhine, duki wa Saxony na mtawala wa Brandenburg. Duki wa Austria hakutajwa. Babu yake Rudolf, na baba wa babu yake, wote wawili walikuwa wamevaa taji la kifalme. Sasa mzao wao alitakiwa asimame nje ya mlango wakati wengine 7 wakichagua ndani. Na aliyeufunga mlango huo hakuwa mtu baki. Katharina, mke wa Rudolf, alikuwa binti wa Karl; na Karl mwenyewe, kwa kuwa mfalme wa Bohemia, alikuwa mmoja wa wale 7. Mtu huweza kuvumilia dharau ya adui kuliko dharau ya mkwe, kwa sababu adui hakai naye katika karamu.

Lilikuwako jambo la pili ambalo kwa maoni yangu lilichoma zaidi, ingawa halisemwi sana. Ukoo wa Habsburg ulikuwa mgeni katika Austria. Ngome iliyoupa ukoo huo jina lake iko mbali magharibi, katika nchi ambayo leo ni Uswisi. Austria waliipata mwaka 1282, mfalme Rudolf wa Kwanza alipowapa wanawe. Kwa hiyo Rudolf wetu aliposhika utawala, ukoo wake ulikuwa na miaka 76 tu katika nchi hiyo. Miaka 76 ni umri wa mzee mmoja. Heshima ya siku zile ilipimwa kwa uzee, na mtu aliyetaka kukaa mbele ya wenzake hakuulizwa amefanya nini bali ameanza lini.

Albrecht, baba yake, aliyeitwa Kiwete kwa sababu ya maradhi na Mwenye Hekima kwa sababu ya utawala wake, alifariki Julai 1358. Rudolf alikuwa na umri wa miaka 18. Katika majira ya baridi yaliyofuata, waandishi wake walitoa hati 5. Hati ya kwanza ilijidai kuwa ya mwaka 1058, nyingine za miaka 1156, 1228, 1245 na 1283. Kila moja ilikuwa na jina la mfalme au Kaisari aliyekwisha kufa. Zilisema kwamba duki wa Austria si duki kama maduki wengine, bali ni duki mkuu. Kwamba mahali pake ni mkono wa kuume wa Kaisari. Kwamba nchi yake haigawanyiki. Kwamba hatakwenda kuipokea nchi hiyo ugenini, bali ataipokea katika ardhi yake mwenyewe, hali amepanda farasi. Na kwamba hawiwi na dola utumishi wowote wa vita ila wapiganaji 12 kwa mwezi mmoja. Ndani ya hati ile ya mwaka 1058 zilinukuliwa barua mbili za kale zaidi. Moja ilikuwa ya Julius Caesar, na nyingine ya Nero, na watu hao wawili waliipa nchi ya Austria fadhili zao.

Msomaji atacheka, nami sikuweza kujizuia. Lakini kicheko kisitupitishe haraka mahali ambapo pana kitu kizito kuliko barua ya Nero.

Mwaka 1156 palikuwa na hati ya kweli. Kaisari Friedrich Barbarossa aliitoa Austria katika himaya ya Bavaria, akaifanya nchi ya duki iliyo peke yake, na akampa duki Heinrich na mkewe Theodora, aliyetoka katika ukoo wa makaisari wa Constantinople, haki ambazo watawala wengi wangezitamani. Nchi iliweza kurithiwa na mwana wa kiume au wa kike. Na kama wasingepata mtoto, waliruhusiwa kumtaja wamtakaye. Duki hakulazimishwa kuhudhuria mabaraza ya Kaisari ila yale yaliyofanyika Bavaria, wala kwenda vitani ila katika nchi zilizopakana na yake. Hiyo ilikuwa heshima kamili, tena ya kweli, yenye umri wa miaka 200 wakati Rudolf alipoirithi. Nayo ilikuwa na muhuri wa dhahabu.

Waandishi wa Rudolf walihitaji muhuri wa dhahabu wa Barbarossa kwa hati yao ya uongo. Mihuri ya namna hiyo haitengenezwi kwa urahisi, na macho ya watu wa barazani yaliijua. Basi waliubandua muhuri kutoka katika hati ya kweli wakaufunga juu ya hati ya uongo. Hati ya kweli haipo tena. Maneno yake yamebaki kwa sababu tu yalikuwa yamenakiliwa mahali pengine.

Hapa ndipo ninapoona uovu wa jambo hili, wala si katika Nero. Mwongo wa kawaida huiacha kweli mahali pake, akasimamisha uongo kando yake. Asikiaye ana hiari ya kuchagua. Rudolf aliiharibu kweli ndogo ili kuupa uongo mkubwa mwili wa kuvaa. Alikuwa na urithi halali mkononi akaona haumtoshi, kisha akautumia urithi huo kama mafundi wabaya wanavyotumia mlango wa nyumba nzima kuwa mbao za jukwaa. Ajabu ni kwamba kijana huyu alithamini sana uhalali wa maandishi. Alikuwa miongoni mwa watawala wa kwanza wa Ujerumani waliozithibitisha hati zao kwa maneno waliyoyaandika kwa mkono wao wenyewe. Aliijua thamani ya mkono wa mtu juu ya karatasi. Aliijua vizuri hata akatamani mikono ya watu wasioweza tena kuinyanyua yao.

Kaisari Karl hakuwa mjinga. Alimpelekea Petrarca, mshairi na mwanachuoni wa Italia, maneno ya zile barua za kale, akamwomba maoni yake. Jibu la Petrarca la mwaka 1361 ni mojawapo ya mambo matamu katika historia ya elimu ya hati, na yamkini alilifurahia mno kuliko ilivyopasa. Alisema kwamba katika barua hii Caesar anajitaja kwa wingi, yaani "sisi", hali katika barua zake zilizojulikana alijitaja kama mtu mmoja. Alisema kwamba Caesar anaitwa Augustus, jina ambalo wa kwanza kulichukua alikuwa yule aliyemfuata. Alisema kwamba tarehe ya barua haitaji mambo ambayo mwandishi wa kweli wa Roma asingaliyasahau. Tena alimtukana mwandishi wake kwa maneno ambayo sina haja ya kuyarudia. Karl, kwa upande wake, alimlazimisha mkwewe aache vyeo alivyojitwalia. Rudolf aliahidi, na ahadi yake ilikuwa na nguvu kama hati zake.

Katika muda uo huo, wakati wino wa uongo ulikuwa haujakauka, huyu Rudolf alifanya kazi ambazo mtu mwema angejivunia. Ilikuwa desturi katika nchi yake kwamba mtawala huita fedha zote kila mwaka, akatoa nyingine mpya, na watu wakapata hasara katika kubadilisha. Mwaka 1359 aliiacha haki hiyo, akatoza badala yake ushuru wa sehemu moja katika kumi juu ya vinywaji vinavyouzwa. Mtu asemeye kwamba ushuru hupendwa popote hajawahi kuulipa. Lakini kodi iliyo wazi ni jambo la haki kuliko fedha inayopungua mfukoni mwa maskini bila ya yeye kujua. Aliifanya sarafu yake iwe kweli katika mwaka ule ule alioifanya hati yake kuwa uongo. Mwaka huo tena, mwezi wa Aprili, aliweka jiwe la msingi la ujenzi mpya wa kanisa la Mtakatifu Stefano mjini Vienna. Januari 1363 alivuka milima ya Alps katikati ya baridi kali hata akafika kwa Margarete, bibi wa Tirol, ambaye mwanawe wa pekee aliyebaki alikuwa amefariki karibuni. Na tarehe 26 ya mwezi huo Margarete aliikabidhi nchi yake kwa Habsburg. Na tarehe 12 Machi, 1365, pamoja na ndugu zake, alianzisha chuo kikuu cha Vienna.

Wako wasemao kwamba alifanya yote hayo kwa kumwonea mkwewe wivu. Karl alianza kanisa kuu la Prague mwaka 1344, Rudolf akataka lake. Karl alianzisha chuo kikuu cha Prague mwaka 1348, Rudolf akataka chake. Sioni kama hili linapunguza kitu. Mwanafunzi maskini aliyesoma sheria au uganga katika chuo cha Vienna hakuyala maneno ya wivu, alikula elimu. Kama tungeyatupa majengo yote yaliyojengwa kwa sababu jirani alijenga kwanza, tungelala nje.

Lakini kutoka hapa watetezi wake hupiga hatua ya pili ambayo siwezi kuipiga pamoja nao. Husema kwamba uongo ule na chuo kile ni mti mmoja, na atakaye tunda asiudharau mzizi. Husema pia kwamba karne zile zilijaa hati za kughushi, na hilo ni kweli. Watawa walighushi hati za mashamba yao. Na ile hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa utawala wa nchi za magharibi iliaminiwa karne nyingi, mpaka Lorenzo Valla alipoifichua mwaka 1440. Husema mwisho kwamba Rudolf hakumwibia mtu. Alijipa cheo, kiti na taji. Na kiti si shamba la yatima.

Neno la kwamba wengi walifanya halinishughulishi. Wingi wa wakosaji hueleza kosa, hauliondoi. Bali neno la kwamba hakuna aliyeibiwa linataka kujibiwa kwa makini, maana lina sura ya haki.

Nani aliyeibiwa? Si Karl, maana hakuamini. Si maduki wenzake, maana hawakumpisha. Tuwaangalie kwanza wale ambao uongo ule ulitungwa kwa ajili yao, yaani ndugu zake na wazao wao. Hati ilisema kwamba nchi haigawanyiki. Rudolf aliongeza, Novemba 1364, hati ya kweli ya nyumba yake: kwamba yeye na ndugu zake Albrecht na Leopold watatawala pamoja, na mkubwa wao awe mbele. Hii ilikuwa ahadi ya watu walio hai, yenye mihuri yao wenyewe. Rudolf alipofariki ndugu hao wawili walibaki na hati zote mbili, ya uongo na ya kweli. Mwaka 1379, katika monasteri ya Neuberg, waliigawa nchi. Albrecht alichukua Austria. Leopold alichukua sehemu kubwa iliyobaki, naye aliuawa vitani Sempach mwaka 1386 akipigana na Waswisi. Kama Caesar, Nero na Barbarossa wote walikuwa wamesema nchi isigawanywe, mbona neno lao halikuwazuia wale ndugu hata kwa miaka 15? Huenda ni kwa sababu mtoto aliyemwona baba akitengeneza sanamu hawezi kuiabudu kwa moyo wote.

Walakini walioibiwa hasa ni watu wasioweza kushitaki, nao ni wafu. Barbarossa alisema neno fulani mwaka 1156. Alilipima, akalisema, akalitia muhuri. Lilikuwa neno lake, na baada ya kufa halikubaki kwake ila hilo. Rudolf alilifuta akatia jingine kinywani mwa maiti. Mtu hai akisingiziwa hupiga kelele, hukana, huapa, huita majirani. Aliyekufa amebaki na kauli yake tu, kama mwenye nyumba aliyesafiri akaacha ufunguo kwa jirani. Mwenye kughushi ni yule jirani.

Hapo nadhani lile swali la kwanza linaanza kupata jibu. Mwaka 1442, na tena mwaka 1453, Friedrich wa Tatu, mjukuu wa yule Leopold, alizithibitisha hati zile 5. Mara ya kwanza akiwa mfalme, mara ya pili akiwa Kaisari. Tangu hapo duki mkuu wa Austria alikuwa duki mkuu kwa sheria, na ukoo ulilichukua jina hilo mpaka dola yao ilipoanguka mwaka 1918. Je, Friedrich aliugeuza uongo kuwa kweli? Aligeuza nusu yake. Kaisari ana uwezo wa kumpa mtu cheo leo, na mtu huyo akawa nacho tangu leo. Mtu aliyemwita mzao wa Habsburg duki mkuu mwaka 1500 hakusema uongo. Lakini uthibitisho wa Friedrich ulidai pia kwamba cheo hicho kilitolewa mwaka 1156, na hapo muhuri wa Kaisari haukuwa na nguvu kuliko mkono wa mtoto. Mamlaka hutawala kesho, na kwa shida hutawala leo. Juu ya jana haina hata askari mmoja. Cheo kikawa halali, na habari ya asili yake ikabaki uongo, vyote viwili katika karatasi moja, wala kimoja hakikumwambukiza mwenziwe.

Nimeandika hivi kwa urahisi kwa sababu Rudolf yu mbali nami. Sina budi kusema jambo lililo karibu. Katika cheti changu cha kuzaliwa kuna mwaka usio wangu. Mjomba aliyenipeleka shule aliona kwamba nimepita umri wa kuandikishwa, akaupunguza kwa miaka miwili, na karani akaandika. Kila cheti nilichokipata baadaye kimesimama juu ya mwaka huo. Kazi yangu imesimama juu yake. Na nisingekuwa naandika ukurasa huu kama mjomba angalisema kweli siku ile. Sikuwahi kumlaumu, wala simlaumu sasa. Aliyonitendea ni hisani, na kanuni iliyomfungia mtoto mlango kwa sababu ya miaka miwili haikuwa na hisani yoyote. Lakini katika karatasi ile kuna mstari unaomtaja mama yangu kuwa ndiye aliyetoa habari. Mama hakuwapo. Aliijua siku niliyozaliwa kuliko mtu yeyote, aliihesabu kwa mvua na kwa msiba wa jirani, na hakuna mtu aliyemwuliza. Sasa amekwisha fariki, na neno la pekee lenye jina lake katika daftari za serikali ni neno ambalo hakulisema.

Sijui kama ningeweza kumtetea mjomba na kumhukumu Rudolf katika siku moja. Mmoja alitaka kiti cha mbele kwa ukoo uliokwisha kuketi vizuri, na mwingine alitaka dawati kwa mtoto aliyekuwa amesimama. Tofauti hiyo ni kubwa, na nikiwa mbele ya Mungu nitaitaja. Lakini kwa upande wa mama yangu na Barbarossa, siioni tofauti. Wote wawili walisemewa.

Wahenga wetu walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya Rudolf ilikuwa na urefu wa karibu miaka 500. Hata baada ya Petrarca kuzicheka zile barua mbili, hati zenyewe ziliendelea kushika nafasi yake katika hazina ya nchi, na mwaka 1852 ndipo Wilhelm Wattenbach alipotangaza, kwa hoja zilizopangwa moja juu ya moja, kwamba zote 5 ni kazi ya waandishi wa Rudolf. Hapo palikuwa na Kaisari wa ukoo ule ule katika kiti cha Vienna, naye alikuwa Franz Joseph. Hakuna aliyekamatwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, katika chuo kikuu cha Vienna ilianzishwa taasisi ya utafiti wa historia ya Austria, na kazi yake kuu ilikuwa kuwafundisha vijana jinsi ya kuihoji hati ya kale: ngozi yake, wino wake, mwandiko wake, muhuri wake na namna muhuri ulivyofungwa. Chuo hicho mpaka leo hubeba jina la Rudolf katika jina lake la Kilatini. Wanafunzi wa mghushi wamefundishwa katika nyumba yake kumkamata mghushi.

Wako watakaoliita jambo hilo utovu wa shukrani. Mimi naona ndiyo shukrani pekee iliyowezekana. Chuo hakiwezi kumrudishia mwanzilishi wake zawadi kwa kumfichia siri, kwa sababu zawadi yenyewe ilikuwa uwezo wa kufichua. Alichowapa watu wa Vienna mwaka 1365 kilikuwa kipya kabisa. Hakuna Caesar aliyekiamuru wala Nero aliyekisamehe kodi. Hati yake ilikuwa na tarehe ya siku ile, na majina ya watu waliokuwa hai, na mihuri iliyotengenezwa kwa ajili yake. Katika mambo yote aliyoyafanya kwa ajili ya ukoo wake, hilo halikuhitaji kuwa la kale ili liheshimiwe. Kijana aliyeona haya kuwa mpya alifanya jambo lake kubwa kwa kutangaza upya.

Kuna picha ya uso wake iliyochorwa katika zama zake, miongoni mwa picha za kwanza za namna hiyo kaskazini mwa Alps. Amevaa taji alilojitungia, na juu yake yameandikwa maneno ya kumwita duki mkuu. Kinywa chake ki wazi kidogo, kama cha mtu aliyekuwa akitaka kusema neno, mchoraji akamwomba atulie. Na katika kanisa la Mtakatifu Stefano, karibu na mlango mmoja, kuna maandishi ya herufi za siri alizozipenda. Waliozifumbua walikuta zinasema kwamba hapa amezikwa duki Rudolf, mwanzilishi. Hazisemi duki mkuu. Maneno ya uongo aliyaweka juu ya kichwa chake, mahali pa wazi; neno la kweli aliliandika kwa herufi ambazo wapita njia hawakuweza kuzisoma.

Alikwenda Milan mwaka 1365 kwa ajili ya ndoa ya Leopold na Viridis, binti wa nyumba ya Visconti, maana hata safari yake ya mwisho ilikuwa ya kuutafutia ukoo mkwe. Alifia huko, miezi minne baada ya kuanzisha chuo, wala hakuacha mtoto. Maiti yake ilirudishwa Vienna ikiwa imefungwa katika kitambaa cha hariri na dhahabu. Kitambaa hicho kipo mpaka leo, katika jumba la makumbusho lililo karibu na kanisa lile. Kilifumwa Uajemi, na katika mistari yake mmefumwa maneno ya Kiarabu, kwa herufi ambazo mtu yeyote wa mwambao wetu aliyepita chuoni utotoni angeweza kuzitambua. Maneno hayo yanamtukuza sultani Abu Said, na kumwomba Mungu audumishe ufalme wake. Abu Said alifariki mwaka 1335, miaka minne kabla Rudolf hajazaliwa. Hakuacha mwana wa kiume, na dola yake iligawanyika baada yake.